Bunduki Isiyo na Uzi

Bunduki isiyo na uzi ina risasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Spéciose, na kila kadeti aliyeingia katika uwanja wa shabaha wa Kibenga aliifahamu kabla hajajua hata bunduki zenyewe zinafungiwa wapi. Uzi ulikuwa wa nailoni, wa rangi ya njano, mnene kama ule wa kushonea viatu, na mrefu kuupita mtutu. Ukiuingiza nyuma ukatokeza mbele, hakuna kitu ndani. Usipotokeza, kuna kitu. Na kama uzi haupo kabisa, huna haja ya kumuuliza mtu: bunduki ina risasi, hata kama anayekupa ni mama aliyekuzaa.

"Hata kama ni we, Mama Afande?" watoto wapya walikuwa wakiuliza kila mwaka, wakidhani wamempata.

"Hasa kama ni mimi. Mi ni muzee, nasahau."

Wao walicheka. Yeye hakucheka.

Bunduki zilikuwa za upepo, za michezo, zilizotolewa na chama kimoja cha wapenda shabaha kutoka nje. Hazina baruti. Hujazwa hewa kwa pampu ya mkono, na kirisasi chake ukikiweka kiganjani ni kitu cha kuchekwa. Wazazi wengi walikicheka. Spéciose hakukipenda kicheko hicho, na ndiyo maana alikuwa na kopo la soda lililotobolewa, ambalo kila mzazi aliyecheka alipewa alishike na kuweka ncha ya kidole penye tundu. Wakati anatoa kidole, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa amevaa sare, na sehemu kubwa ya maisha hayo aliwafundisha kuruta jinsi ya kushika silaha bila kuuana. Alipokuwa bado kijana alimwona kuruta mmoja akifa juu ya kitanda chake mwenyewe, kwa bunduki ambayo mwenzake alikuwa ameapa kuwa haina kitu. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu kuhusu jambo hilo, na hakuona haya kusema hivyo. Alipostaafu, mjane asiye na mtoto, akiwa na nyumba ndogo Musaga na mgongo unaouma wakati wa mvua, Télesphore alimjia. Télesphore alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa kamati na vikao, na alitaka kuanzisha klabu ya kadeti itakayowapa vijana nidhamu. Spéciose alikubali kwa sharti moja, kwamba uwanjani neno la mwisho ni lake.

Kuwapata watoto haikuwa rahisi. Katika nchi hii ukisema mtoto na bunduki kwa pumzi moja, watu wazima hunyamaza, na kila mmoja anakumbuka lake. Spéciose alipita nyumba kwa nyumba Musaga. Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa mama Amélie, muuza vitenge, mwanamke asiyesema sana.

"Mama, mutoto wangu anasoma vizuri," alimwambia. "Bunduki ya nini?"

"Ili asiipende kijinga. Ataiona tu siku moja, hapa au pengine. Afadhali aione akiwa na mi."

"Na akiumia?"

"Kwangu hajaumia mutu."

"Sijauliza jana. Nauliza kesho."

Spéciose alimtazama, kisha akasema neno ambalo mtu mwenye akili hulisema mara chache. "Nakuahidi."

Mama Amélie alimpa mtoto.

Sheria ya pili ya uwanja ule ilikuwa ya duara. Kila Jumamosi, mazoezi yakiisha na bunduki zikishafungiwa, wote walisimama duara, wakubwa kwa wadogo, na aliyekosea alisema kosa lake mwenyewe. Niligeuza mtutu. Niliweka kidole kabla ya amri. Niliingia mbele ya mstari kuokota kadi ya shabaha kabla ya kuruhusiwa. Aliyesema hakupigwa, hakufukuzwa, hakuchekwa. Na hapakuwa na ruhusa ya kusema kosa la mwenzako. Jambo hili Spéciose alilisimamia kwa ukali, maana alijua kuwa mahali ambapo watu husemana, hakuna anayejisema.

Katika duara hilo ndimo alimompata Tajudini.

Tajudini alikuwa kijana wa Buyenzi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwana wa Zubeda anayejulikana na mtaa mzima kwa sambusa zake. Alikuwa katika kundi la kwanza la kadeti. Siku moja, akimwonyesha rafiki yake bunduki, aliugeuza mtutu ukamwelekea kifuani. Hakuna mwingine aliyemwona. Jioni ile kwenye duara alitoka mwenyewe akasema. Spéciose alimwangalia kijana yule akilia mbele ya wenzake, akasema moyoni: huyu ndiye.

Alimfundisha yote. Kijana alipokuwa mtu mzima na kufungua gereji yake, aliendelea kuja Jumamosi kama msaidizi. Ndiye aliyetengeneza pampu, ndiye aliyebadilisha mipira ya hewa ilipochakaa, ndiye aliyechomelea sanduku la chuma la bunduki. Alipooa, Spéciose alikaa na upande wa wazazi. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, Spéciose aliletwa amshike kabla ya mashangazi, na Zubeda akawaambia mashangazi wanyamaze. Kwa Tajudini yeye alikuwa "mama", bila "afande". Na Tajudini alikuwa mtu wa maneno mengi na wallahi nyingi. Wallahi nyanya hizi ni za leo. Wallahi basi limejaa. Wallahi mpira ulikuwa umeingia, refa ndiye kipofu.

"We Tajudini," Spéciose alimwambia mara kwa mara, "Mungu ana kazi nyingine."

"Wallahi mama, naacha."

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Na hapa lazima isemwe wazi, kwa sababu Spéciose mwenyewe hakuficha: katika miaka yote hiyo, kila bunduki aliyopewa na Tajudini aliifungua na kuitazama. Kila moja, isipokuwa moja.

Ilikuwa siku ya wazazi. Petroli ilikuwa imeadimika tena mjini, mabasi yalikuwa machache, na wazazi wa Musaga waliteremka Kibenga kwa miguu wakiwa wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumamosi. Mgeni mkubwa alikuwa mwakilishi wa chama kile kilichotoa bunduki, bwana mnene mwenye kucheka ovyo, aliyefika na gari lake mwenyewe. Watoto walipiga vizuri. Orlane, msichana mrefu asiyependa maneno, alipiga kuliko wote, na kadi yake ilipitishwa mkono kwa mkono hadi ikalainika. Watatu wangechaguliwa kwenda mashindano ya Dar es Salaam, na hakuna aliyekuwa na shaka kuwa Orlane angekuwa wa kwanza.

Kukawa na mapumziko, brosheti za nyama na Fanta. Spéciose alikaa na wazazi chini ya turubai. Hakuona kwamba mgeni na Tajudini wameondoka mezani.

Mchana ulipopinda, alitangaza kwa sauti yake ya uwanjani kuwa uwanja umefungwa. Uwanja ukifungwa, watoto huruhusiwa kuvua miwani ya kinga. Amélie, kwa kuwa ndiye mdogo, alikuwa na kazi ya kuikusanya ndani ya beseni. Alivua yake kwanza, akaanza kupita kwa wenzake.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya kila Jumamosi, kazi ya kuzitoa bunduki pumzi. Tajudini huzileta moja moja, Spéciose huchomoa uzi, hufungua, hutazama, huelekeza mtutu ndani ya pipa la mchanga, hubonyeza hewa itoke, kisha hurudisha uzi na kuilaza sandukuni. Wazazi walisimama kutazama, kwani hata hilo lilikuwa sehemu ya maonyesho. Mgeni alikuwa pembeni yake akimsifu, na Spéciose, ambaye hakuzoea sifa, alikuwa akitafuta maneno ya kujibu.

Tajudini alimpa bunduki. Haikuwa na uzi.

"Uzi uko wapi?"

"Umekatika, mama. Iko tupu. Nimeangalia mwenyewe."

Orlane alikuwa amesimama nyuma ya Tajudini, akisubiri kuleta bunduki yake. Alikuwa karibu kiasi cha kumkanyaga kisigino.

Spéciose alimtazama Tajudini usoni. Aliutazama uso aliouona ukilia kwenye duara, uso uliomletea mjukuu wa kushika. Aliangalia uso badala ya kuangalia ndani ya bunduki. Akageuka kumjibu mgeni, akaelekeza mtutu kwenye pipa, na akabonyeza.

Mlio ulikuwa mdogo. Kirisasi hakikuingia mchangani, kiligonga ukingo wa chuma wa pipa kwa sauti kama ya sarafu ikianguka, na kikarudi. Ndipo miwani ilipomwagika kutoka kwenye beseni, na Amélie akakaa chini taratibu, mkono juu ya jicho la kushoto, kama mtu aliyeingiwa na vumbi.

Gari lililokuwa na petroli lilikuwa la mgeni. Alimpeleka mtoto hospitali, mama yake nyuma akiwa amemkumbatia kichwa. Spéciose alitaka kupanda naye. Mama Amélie aliufunga mlango.

Siku iliyofuata, baada ya misa, Spéciose alirudi Kibenga peke yake. Alijiambia anakwenda kufagia. Alizunguka nyuma ya kontena la zamani linalotumiwa kama stoo, mahali ambapo hakuna kadeti anayeruhusiwa kufika, na hapo akakuta makopo ya soda yamepangwa juu ya tofali, mengine yameanguka, yote yana matundu. Chini, penye nyasi zilizokanyagwa, palikuwa na uzi wa njano.

Aliuokota. Aliuvuta kwa mikono miwili, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu zote. Haukuwa umekatika. Haukuwa hata na fundo.

Alikaa juu ya tofali. Alielewa yote kwa mara moja, bila kusimuliwa. Mgeni alitaka kujifurahisha, Tajudini hakuweza kumnyima mtu anayetoa bunduki, wakapiga makopo wakati wengine wanakula, wakaitwa haraka. Hata hilo angeweza kulisamehe. Vijana hutaka kupendwa na wakubwa. Lakini Tajudini hakusema "sijui kama iko tupu". Hakusema "uzi umebaki nyuma". Alisema umekatika, na alisema ametazama. Uzi mzima mkononi ulikanusha la kwanza, na kirisasi kilikuwa kimeshakanusha la pili.

Jumatatu Tajudini alikuja Musaga. Alileta sambusa za mama yake zimefungwa kwenye karatasi. Spéciose alimkaribisha kiti, akaweka maji mezani, akangoja. Alikuwa na hakika. Kijana yule aliyesema kosa ambalo hakuna aliyeliona, atashindwaje kusema hili?

"Mama, umelala?"

"Kidogo."

"Mi sikulala kabisa." Alizungusha glasi. "Watu wanasema nini huku?"

"Watu wanasema nimepiga mutoto. Na ni kweli."

"Apana, mama, usiseme hivyo. Ni ajali."

"Tajudini. Sema."

Tajudini aliisukuma glasi pembeni. Nje jirani alikuwa akimwita mbuzi.

"Mama, ona. We tayari umekubali. Kila mutu anajua ni we ulibonyeza. Kosa moja halihitaji watu wawili." Sauti yake ilikuwa laini, kama anamshauri mgonjwa. "We umestaafu, una pensheni yako, una heshima yako, watasema muzee alichoka. Mi nikianguka, gereji inaanguka, nani ataleta gari lake kwa fundi aliyetoboa jicho la mutoto? Na klabu? Yule bwana akisikia jina lake limetajwa, atachukua bunduki zake. Batoto watabaki na nini?"

"Umefikiri sana."

"Nimefikiri kwa ajili yetu sote."

Uzi ulikuwa mfukoni mwa gauni lake la kitenge. Spéciose aliugusa, lakini hakuutoa. Sheria ya duara ilikuwa yake mwenyewe: husemi la mwenzako. Unamngoja aseme.

"Jumamosi kuna duara," alisema. "Mi nitasema langu. We utasema lako. Ukisema, sitakuacha. Nitakwenda na we kwa mama Amélie, nitasimama mbele yako mlangoni. Unanijua."

"Nakujua, mama."

"Basi chukua sambusa zako. Mwambie Zubeda nimeshukuru, lakini sitazila leo."

Katikati ya juma alikwenda hospitali. Amélie alikuwa amelala, nusu ya uso imefungwa bendeji. Daktari alikuwa ameshasema jicho halitaona tena. Mama Amélie alikuwa kitini, mikono mapajani, na hakusimama.

"Nimekuja kukuambia," Spéciose alisema, "kwamba ni mimi niliyebonyeza, na sikutazama ndani. Sheria ilikuwa yangu, nikaivunja."

"Hilo nililiona. Nilikuwepo." Mama Amélie alimwangalia. "Nani aliweka risasi?"

Spéciose aliitazama bendeji.

"Nakuuliza kwa sababu bunduki haijijazi. We ndiye ulinifundisha hilo, sebuleni kwangu, na kopo lako."

"Atasema mwenyewe Jumamosi. Ndivyo tunavyofanya."

"Una hakika?"

"Ego, ndiyo. Nakuahidi."

Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake kwa mara ya pili, na lilikuwa limekwisha toka.

Jumamosi hawakupiga shabaha. Walisimama duara tu, kadeti wote, wazazi wachache nyuma yao, na Télesphore amevaa koti la vikao. Mahali pa Amélie waliacha wazi, bila mtu kuambiwa.

Spéciose alitoka mbele. Alisema kwa maneno machache. Alipewa bunduki bila uzi. Hakuifungua. Alikubali neno la mtu. Alibonyeza akiwa anatazama pengine. Aliwaruhusu wavue miwani kabla kazi haijaisha. Hakuweka "lakini" popote. Aliporudi mahali pake alijihisi mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo nusu na kungoja mwenzake amsaidie kuutua wote.

Tajudini akatoka.

"Mi kosa langu," alisema, akitazama viatu vyake, "ni kwamba sikurudia. Nilimwambia Mama Afande, aangalie kwanza, uzi hakuna. Nilisema mara moja. Ningesema mara mbili labda angesikia. Kulikuwa na kelele, wageni wengi. Naomba musamaha."

Wazazi wengine waliguna kwa huruma. Mtu mmoja nyuma alisema, kijana ana adabu.

Wakati ule Spéciose hakuona hasira. Aliona ajabu tu, kama mtu anayetazama nyumba yake ikiwa na mlango mahali ambapo hapakuwa na mlango. Alitia mkono mfukoni, akatoa uzi, akauinua ili wote wauone.

"Uliniambia umekatika. Nimeuokota nyuma ya kontena, penye makopo. Uvute mwenyewe uone."

Télesphore alikohoa. "Mama Spéciose, tafadhali. Hapa kila mtu husema lake. Hatusemi ya wenzetu. Ni wewe uliyetufundisha."

"Ni mimi."

"Na uzi ni uzi. Ziko nyingi."

"Huo ni wa bunduki ile. Niliukata mwenyewe kwa kipimo chake." Aligeuka kwa Tajudini. Sauti yake ilishuka, ikawa ile ya nyumbani. "Sawa. Sitakusema. Nakuomba kitu kimoja tu. Sema wallahi."

Tajudini aliinua macho.

"We unaapa kwa nyanya," Spéciose alisema. "Unaapa kwa mpira. Apa sasa kwamba uliniambia niangalie, na mi nitaomba msamaha wako hapa hapa, mbele ya batoto."

Waislamu waliokuwapo waliacha kunong'ona.

"Mama," Tajudini akasema, "mambo ya dini usiyalete hapa."

Hakuna mtu mzima aliyesimama pale ambaye hakuelewa. Ilionekana jinsi walivyohamisha macho, huyu kwenye nyasi, yule kwenye simu yake. Télesphore alielewa kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akizungumza na mgeni kwa simu juma zima, na mgeni alikuwa ameahidi bunduki nyingine. Kuelewa si shida. Shida ni kwamba aliyeelewa anatakiwa kufanya jambo.

"Tumalize," Télesphore alisema. "Kama kuna aliyesikia, aseme. Orlane, wewe ulikuwa karibu."

Orlane alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Spéciose alimtazama bila kumsihi. Hakuona sababu ya kumsihi. Msichana huyu alikuwa hajawahi kukosea hata shabaha bila kusema mwenyewe.

Lakini habari ilikuwa imekwisha enea tangu asubuhi kuwa mwalimu mpya ni Tajudini, na kwamba ndiye atakayewachagua watatu wa Dar es Salaam.

"Sikusikia," Orlane alisema.

"Hukusikia kabisa?" Télesphore aliuliza, kama mtu anayesaidia.

"Sikusikia, Mama Afande," Orlane alirudia, na akamwambia yeye, si Télesphore. Machozi yalikuwa yamemjaa, ila hakuyafuta.

Spéciose alivua ufunguo wa sanduku shingoni, akampa Télesphore. Uzi alibaki nao. Hakuaga. Alipanda kwenda Musaga kwa miguu na hakuna aliyemsindikiza, ingawa njia ni moja na wengi walikuwa wanarudi huko huko. Walimwacha atangulie.

Wako waliosema baadaye kwamba mama yule alikuwa mkali mno, kwamba angemfuata kijana faraghani, kwamba mtu akikumbushwa kiapo mbele ya watu lazima ajikunje. Inawezekana. Lakini alikuwa amemfuata faraghani. Alimpa kiti na maji na siku zote za juma. Wengine walisema alivuna ukali wake, maana kama si ile sheria yake ya duara, angesema mapema na angeaminiwa. Hilo lina ukweli zaidi, na yeye mwenyewe alilifikiri usiku mwingi. Ila sheria haikuwa mbaya. Ilihitaji watu wa kweli wa kuishika, na yeye aliwahesabu Tajudini na Orlane kuwa watu hao, nao hawakuwa.

Kuhusu kosa lake mwenyewe hakuwahi kujitetea. Padri alipomwambia kwamba alidanganywa, alijibu kuwa sheria ile ilitungwa kwa ajili ya siku ya kudanganywa, na siku isiyo na uongo haina haja ya uzi. Hakuivunja kwa kutojua. Aliivunja kwa upendo. Akaongeza kwamba kirisasi hakikuuliza ni lipi kati ya hayo mawili.

Bunduki mpya zilikuja. Tajudini anafundisha Kibenga kila Jumamosi, na wanaopita barabarani wanasema bado watoto wanaimba, bunduki isiyo na uzi ina risasi. Duara limeachwa. Orlane alikwenda Dar es Salaam, akapiga vibaya, akarudi, na hajaonekana tena uwanjani. Zubeda alipanda Musaga mara moja, akakaa ukumbini kwa Spéciose muda mrefu bila kusema neno, akamshika mkono, akaenda zake. Hakuleta sambusa.

Mama Amélie ndiye ambaye Spéciose alikuwa na haja ya kumwona. Alimkuta sokoni, anakunja vitenge. Alimweleza kila kitu, uzi, makopo, mgeni, duara, kiapo kilichokataliwa. Mama Amélie alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja.

"Nakuamini," alisema.

Spéciose alishusha pumzi.

"Nakuamini yote. Lakini uliniahidi mara mbili, mama. Ya kwanza ulimkabidhi yeye jicho la mwanangu. Ya pili ulimkabidhi yeye neno lako." Aliweka kitenge juu ya vingine, akakinyoosha kwa kiganja. "Usije nyumbani kwangu tena. Sina ubaya na we. Ni kwamba Amélie akisikia sauti yako anaficha uso."

Tangu siku hiyo Spéciose hupita njia ya juu anapokwenda misa, ili asipite mbele ya mlango ule.

Amélie alipoteza jicho la kushoto. Spéciose alipoteza uwanja wake, na mtu pekee aliyekuwa akimwita mama kama mwanawe.